Kwa anayeanza kutoa nyimbo kwenye CD

Ukifungua CD ya muziki kwenye Windows utakuta mafaili ya .cda, kila moja lina baiti 44 tu. Usihangaike kuyakopi kwenye flashi. Hayana muziki, yanaonyesha tu wimbo unaanzia wapi kwenye diski. Muziki wenyewe unahitaji programu ya kuusoma. Mimi hutumia Exact Audio Copy, na mwenye Mac au Linux ana fre:ac, ya bure pia.

Kasi isikutamanishe. CD ya data ina tabaka la ziada la kusahihisha makosa, ya muziki haina, kwa hiyo draivu ikikutana na mkwaruzo inaweza kukisia sauti na kukaa kimya. Chagua usomaji wa uangalifu, ambao hurudia sehemu yenye shaka. Kisha AccurateRip, hifadhidata ya mtandaoni, italinganisha matokeo yako na ya watu wengine waliosoma toleo hilohilo. CD zetu nyingi za taarabu na dansi hazimo humo, hasa zile za kuchoma za mitaani. Hizo zisome mara mbili, uone kama namba za uhakiki ambazo programu hutoa kwa kila wimbo zinafanana. Diski chafu ioshe kwa maji na sabuni laini, ukifuta kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe kitambaa.

Dakika moja ya CD ni kama MB 10. Faili la aina ya FLAC huipunguza hadi karibu nusu bila kupoteza chochote; MP3 hupunguza zaidi kwa kutupa sauti ambazo sikio halitazikosa sana. Weka FLAC nyumbani, halafu tengeneza MP3 za simu kutoka humo. Anayekuambia kwamba kugeuza MP3 kuwa FLAC kunaongeza ubora, mwache aendelee na safari yake. Na hizo CD za mitaani, nyingi ni MP3 zilizovalishwa kanzu: zipitishe kwenye Spek, programu inayochora picha ya masafa ya sauti, ukiona sauti za juu zimekatika ghafla karibu na kHz 16, umeshajua. Zihifadhi hata hivyo, maana huenda hutapata nakala nyingine.

Kazi kubwa iko kwenye majina. MusicBrainz, hifadhidata ya mtandaoni ya majina ya albamu na nyimbo, itakujazia albamu za Ulaya kwa sekunde, lakini jina la Mbaraka Mwinshehe utalikuta limeandikwa kwa namna kadhaa, na simu itamfanya wanamuziki watatu. Chagua tahajia moja uishikilie. Nyimbo za dansi zilizogawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, kwa kuwa zilitoka kwenye pande mbili za santuri, zipe namba zinazofuatana. CD ya mchanganyiko wa wasanii ijazie sehemu ya "msanii wa albamu" (Album Artist), la sivyo itatawanyika vipandevipande.

Kabla hujampa mtu mwingine CD yako, weka nakala ya pili kwenye diski nyingine na usikilize wimbo wa mwisho hadi mwisho. CD husomwa kutoka ndani kwenda nje, na ukingo wa nje ndio unaoshikwa na vidole.