Mtoto anakohoa wiki ya tatu, bibi yake anataka akatwe kimeo

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu ana mwaka na miezi minne, anakohoa hii ni wiki ya tatu, usiku ndo balaa mpaka anatapika. Dawa ya kifua ya maji nimempa chupa mbili, wapi. Mama mkwe kammulika na tochi ya simu anasema kimeo kimekuwa kirefu kinagusa ulimi, na kuna baba hapa mtaani anakata kwa elfu kumi na tano, mtoto wa wifi yangu alikatwa akapona. Naogopa ila nimechoka kukesha, maana babu yake tunaishi nae na yeye anakohoa, usiku nyumba nzima hatulali. Je, hospitali mnakata kwa shilingi ngapi?

JIBU: Marahaba mama, pole sana na kukesha. Bei sikutajii kwa sababu hakuna daktari wa koo atakayemkata mtoto kimeo eti anakohoa. Sisi kimeo tunakigusa mara chache sana, labda kina uvimbe, au mtu mzima anayekoroma mpaka pumzi inakata usingizini. Kikohozi hakimo.

Hili swali naulizwa kila wiki jamani, na kila wiki kuna mtu kammulika mtoto na tochi akaona "kirefu". Sasa mtoto analia, kapanua mdomo, ulimi umeinuka, kwanini kisigusane na ulimi? Si ndo kinapokaa siku zote. Halafu mtoto aliyekohoa wiki tatu koo lote linakuwa jekundu limevimba, na kimeo nacho kinavimba, kwahiyo mnachokiona ni matokeo ya kikohozi halafu mnakigeuza kuwa chanzo. Ni kama kumkamata jirani aliyekuja kuangalia ugomvi akapigwa ngumi, waliopigana washaondoka zao. Na ukitaka kuhakikisha chukua kijiko ujiguse kimeo mwenyewe, utasikia kutapika, hutokohoa. Kikohozi kinaanzia kwenye njia ya hewa huko chini, kiwembe cha huyo baba hakifiki huko. Kimeo chenyewe kina kazi, kinasaidiana na kaakaa laini kuziba njia ya puani ukimeza, ndo maana wengine waliokatwa vibaya uji unawatokea puani na sauti inakuwa ya puani maisha yote.

Mtaniambia mbona wa wifi alipona. Alipona ndiyo, kwa sababu kikohozi cha mafua kwa watoto wengi kinaisha chenyewe ndani ya wiki tatu hivi, na watu hawaendi kwa mkataji siku ya pili, wanaenda wiki ya tatu wakishachoka, yani kikohozi kipo mlangoni kinatoka. Hata angekatwa kucha angepona. Na yule ambaye hakupona husikii habari zake, au anaambiwa kimeo kimeota tena, leta hela nyingine. Kimeo hakioti tena mama.

Sasa wa kwako. Wiki tatu, usiku zaidi, mpaka kutapika, inaweza kuwa pumu, inaweza kuwa kifaduro hasa kama alikosa zile chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, inaweza hata kuwa kipande cha karanga kimeingia njia ya hewa, kumbuka kama siku kilipoanza alipaliwa akiwa anakula. Ila kuna kitu umekipitisha juu juu mimi ndo kimenishtua kuliko kimeo. Babu anakohoa. Tangu lini? Mtu mzima akikohoa wiki mbili anapimwa TB, na mtoto mdogo TB anaipata kwa anayelala nae nyumba moja. Vipimo na dawa za TB kwenye vituo vya serikali ni bure. Mtoto hawezi kutema makohozi lakini usiogope, hata choo chake kinapimwa. Wapeleke wote wawili, mtoto na babu, kadi ya kliniki usiisahau, tunataka kuona uzito kama umesimama au unashuka, na mrekodi mtoto na simu akiwa anakohoa usiku, maana mkifika kwa daktari asubuhi mtoto anacheka tu.

Akilala mhesabie pumzi dakika nzima, kwa umri wake zikifika 40 au mbavu zinabonyea kwa ndani anapovuta hewa, usingoje asubuhi.

Nirudi kwa hawa wakataji maana ndo wananitoa povu. Wembe mmoja watoto wangapi? Hapo kuna pepopunda, homa ya ini, HIV. Na ni haohao wanaong'oa "meno ya plastiki" mtoto akiharisha, kumbe wanachimbua mbegu za meno ya chonge ambazo bado hazijatoka kwenye fizi. Mtoto wa kilo 10 ana damu kama mililita 800 mwili mzima, chupa ya lita haijai, na akikatwa kooni huioni ikitoka kwa sababu anaimeza. Mama anafurahi mtoto katulia amelala, kumbe anaishiwa damu. Ukiona anamezameza mate mfululizo, viganja vyeupe, baridi, au katapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa, hiyo ni damu.

Na kama kuna anayesoma hapa wake ameshakatwa, jana au leo, naomba aje. Wengi wanamficha nyumbani siku mbili wanamsukutua na maji ya chumvi, wanaogopa kufokewa na manesi. Njoo useme ukweli mlangoni, "amekatwa kimeo", basi. Kufoka nitafoka, mimi najijua, ila nitaanza na damu kwanza.