Jibu: Kuunga kompyuta kwenye domeini bila kupoteza mipangilio

Ndugu, umeuliza kwa nini baada ya kuunga kompyuta kwenye domeini (mtandao wa ofisi ambao akaunti zote husimamiwa na seva ya pamoja) eneokazi (desktop) limekuwa tupu. Usihofu, faili zako hazijafutwa; zipo palepale C:\Users, kwenye folda ya jina la zamani. Windows humtambua mtumiaji kwa SID, yaani namba ya utambulisho ya kipekee ya kila akaunti, si kwa jina, hivyo akaunti ya domeini kwake ni mtu mpya na hufunguliwa profaili mpya, yaani folda na mipangilio yake mwenyewe.

Kunakili folda kwa mkono hakutoshi. Mimi napendelea programu ya User Profile Wizard ya kampuni ya ForensiT: huikabidhi akaunti mpya profaili ileile ya zamani, pamoja na mipangilio ya programu. Ila tafadhali, kwanza weka nakala kwenye diski ya nje, na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari zihamishie kwenye faili (export) mapema, maana zimefungwa kwa akaunti ya zamani.