Ukienda Kutch, usiishie kwenye chumvi

Wengi wanaoniuliza habari za Kutch, wilaya ya Gujarat inayopakana na Pakistan, wameona picha za Rann tu: chumvi nyeupe hadi upeo wa macho, na mwezi mpevu juu yake. Nenda ukaione, inastahili. Ila usiipe safari yote.

Kuhusu majira, mvua zao huanza Juni na Rann hufurika, kisha hukauka polepole. Mimi napendelea Desemba hadi Februari. Beba sweta, usiku kuna baridi. Na kwa kuwa ni mpakani, kuingia upande wa Dhordo, kijiji cha ukingoni mwa Rann, kunataka kibali, kwa hiyo pasipoti na nakala zake ziwe karibu.

Anzia Mandvi, bandari ya tangu karne ya 16. Ukingoni mwa mto Rukmavati mafundi wangali wanaunda majahazi ya mbao, marefu kama nyumba za ghorofa. Mtu wa pwani yetu hawezi kupapita haraka. Majahazi ya huku ndiyo yaliyokuwa yakishuka na kaskazi hadi Zanzibar na kurejea na kusi. Jairam Shivji, ambaye nyumba yake ya biashara ilikodi forodha ya Zanzibar enzi za Seyyid Said, asili yake ni Mundra, jirani na hapo.

Kisha Lakhpat. Huko ndiko alikozaliwa mfanyabiashara Tharia Topan, aliyeanzisha ujenzi wa Old Dispensary, lile jumba la roshani za kuchonga mbele ya bandari ya Zanzibar. Mji ulitajirika kwa maji ya mto Indus, mpaka tetemeko la 1819 lilipoinua tuta refu la ardhi, Allah Bund. Maji yakakatika, biashara ikafa, watu wakahama. Leo ukuta wa ngome wa mwaka 1801 umezunguka familia chache tu. Panda juu yake jioni. Chukua chakula na maji, maana maduka ni ya kuhesabu.

Tetemeko jingine, la tarehe 26 Januari 2001, liliibomoa Bhuj, mji mkuu wa Kutch, na kuua maelfu. Makumbusho ya Smritivan, juu ya kilima cha Bhujiyo, yanahitaji nusu siku yenye utulivu. Usiyabane kati ya safari mbili.

Dholavira, magofu ya mji wa ustaarabu wa kale wa Bonde la Indus ulioingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021, ifikie kwa barabara ya Khavda inayokata Rann katikati. Tazama zaidi mabwawa yake, mengine yamechongwa kwenye mwamba, jinsi watu wa kale walivyokinga kila tone la mvua.

Ununuzi fanyia Ajrakhpur. Wachapaji wa ajrakh, vitambaa vya kuchapwa kwa vibao vya mbao, walihamia hapo kutoka Dhamadka baada ya 2001, maji ya kwao yalipozidi chuma na kuharibu rangi. Waombe wakuonyeshe pipa la nili na vibao vya kuchapia. Kitambaa kimoja hufuliwa, huchapwa na kuanikwa mara nyingi kabla hakijaisha, kwa hiyo bei wanayotaja wape.