Mukubwa yangu balimufunga munyororo, ni haki?

SWALI: Mama, jambo. Mukubwa yangu alianza kuongea peke yake usiku, tukaogopa, bajomba bakamupeleka ku chumba cha maombi bakamufunga munyororo ku muguu, sasa wiki tatu na kidonda inatoa usaha. Banasema familia njo inaamua. Ni kweli? (Kadutu, Bukavu)

JIBU: Pole sana mwanangu. Familia inaomba musaada, haifungi mutu! Angalia Italia, tangu sheria 180 ya 1978, kumulaza mutu ku hospitali ya akili kwa nguvu inaomba daktari wawili, meya anatia sahihi, muamuzi anachunguza mu masaa 48, na ni siku 7, bakitaka kuongeza banaeleza tena sababu. Nataka sana na sisi tuandike sheria ya vile, mana Kongo iliingia mu mukataba wa ONU wa haki za batu benye ulemavu 2015, na kifungu cha 14 kinasema ulemavu, hata wa akili, hauwezi kuwa sababu ya kumunyima mutu uhuru.

Lakini kwanza ule muguu. Ongea na jomba mukubwa pole pole, kwa heshima, munyororo utoke leo, kidonda kisafishwe ku santé ya karibu, kisha mumufikishe SOSAME, hapo hapo Bukavu, banatunza magonjwa ya akili. Na yeye mwenyewe mumuulize anataka nani amusindikize.