Sifa za uandishi bora: sita au saba?

Mmoja wenu anasema sifa za uandishi bora ni sita, mwingine anasema ni saba; nyote wawili mko sahihi. Mfumo wa Marekani wa kufundisha uandishi kwa sifa hizo, ulioanzia kwa walimu wa kule Oregon miaka ya 1980, ulikuwa na sifa sita: mawazo, mpangilio, sauti ya mwandishi, uteuzi wa maneno, mtiririko wa sentensi na kanuni za lugha (tahajia, sarufi, alama za uakifishaji). Ya saba, mwonekano wa kazi kwenye karatasi, iliongezwa baadaye. Naufundisha darasani. Ila usiwamwagie wanafunzi zote siku moja. Mimi huanza na mawazo: mtoto akiandika "soko lilichangamka," namuuliza alisikia nini. Anarudi na "muuza dagaa alikuwa akigonga kopo." Tahajia naiacha hadi rasimu ya mwisho.