Siki Inaua Magugu Machanga, Ndago Ichimbe

Dada mmoja wa Tabata ameniuliza kwa nini ndago alizopulizia siki kwenye bustani ya maua zilikauka siku ileile, kisha zikarudi zote. Siki yake haina tatizo. Tatizo ni ndago.

Siki ya dukani huwa na asidi ya asetiki kama asilimia 5, soma lebo. Asidi hiyo huunguza jani ililoligusa, haisafiri kwenda mizizini. Ndago ina viazi vidogo ardhini vilivyoungana kwa nyuzi kama shanga, na jani likifa kiazi huchipua tena. Mwagilia kwanza, chimba kwa kisu kirefu, fuata uzi hadi kiazi chenyewe. Ukivuta majani juu juu, uzi hukatika na kiazi kinabaki. Kwenye mchanga wetu wa Dar kazi hii si ngumu, inataka subira tu.

Siki itumie kwa magugu yaliyoota kwa mbegu, kama mchicha pori na mashona nguo, yakiwa bado na majani mawili hadi manne. Yakishakomaa yatababuka tu na kuchipua upya. Ndiyo maana wakati wake ni siku chache baada ya mvua za kwanza za vuli au masika, miche inapojitokeza.

Nusu lita ya siki usiichanganye na maji. Tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, maana bila sabuni siki huteleza juu ya jani. Subiri umande ukauke, pulizia kwenye saa nne asubuhi, jua kali, upepo umetulia. Jani lilowe pande zote. Waridi au mrehani ulio karibu ufunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, kwa sababu siki haichagui. Kilichobaki kibichi kirudie baada ya wiki moja.

Chumvi msitie, jamani! Najua ushauri huo unasambaa sana. Siki huoza udongoni, lakini chumvi hubaki, na maua yako ndiyo yatakayoinywa.

Kwenye njia ya saruji suuza haraka kwa maji mengi, kwani asidi hula saruji. Suuza na chupa ya kupulizia, hasa kama ina vipande vya chuma.