Maswali Yenu: Kuandika Hadithi Kila Siku Bila Kukatika

Barua nyingi za safari hii zinalia kilio kimoja. Mtu ameanza riwaya kwa moto, akaandika siku nane au kumi mfululizo, kisha kalamu ikakauka. Tumechagua barua tano. Majibu yetu yanarudi mara kwa mara kwenye dakika tano za kwanza baada ya kukaa kuandika, kwa kuwa hapo ndipo siku nyingi hupotelea.

Mimi ni muuguzi. Wiki hii niko zamu ya asubuhi, wiki ijayo usiku. Kila ninachosoma kuhusu uandishi kinaniambia nichague saa moja na kuishika. Nishike saa gani?

Ndugu muuguzi, achana na saa, shika tukio. Tafuta jambo unalolifanya kila siku bila kukosa, zamu iwe yoyote: kuvua sare, kupiga mswaki baada ya kuamka, kusubiri kukabidhiwa wodi. Kuandika kulifuate jambo hilo papo hapo, pasiwe na kitu katikati. Usijiambie "nikirudi nyumbani", maana kurudi nyumbani kuna mambo ishirini ndani yake. Sema: "Nikishavua sare, nakaa kwenye kiti hiki, na daftari liko juu yake tangu jana." Hilo la daftari kuwa juu ya kiti ni nusu ya kazi. Mtu aliyetoka zamu hana nguvu ya kuamua chochote, ila ana nguvu ya kufuata njia iliyokwisha kulimwa.

Pili, siku yako ihesabu kuanzia unapoamka hadi unapolala. Ukiihesabu kwa kalenda, zamu ya usiku itakuonyesha umekosa siku ambayo hukuikosa, na mtu akishajiona amekosa, kesho yake hukosa kweli.

Tatu, jiwekee viwango viwili. Siku ya kawaida maneno 250. Siku mbaya, sentensi tatu. Kima cha chini kiwe kidogo kiasi kwamba hata ukiwa umesimama saa kumi na mbili kwa miguu unaweza kukitimiza kabla ya kulala. Sentensi tatu hazisogezi riwaya mbali, tunajua. Kazi yake ni kukuzuia usiisahau hadithi, ili kesho usitumie robo saa kukumbuka nani alikuwa wapi.

Na uwe na subira. Mwaka 2009 watafiti wa University College London walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya ya kila siku. Wastani wa muda wa tabia kuzoeleka ulikuwa siku 66, na tofauti baina ya watu ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Tabia zenyewe zilikuwa za kula, kunywa na mazoezi, nyepesi kuliko kutunga hadithi, kwa hiyo mwezi wa pili ukiwa bado mgumu usidhani una kasoro.

Nakaa kila siku bila kukosa, lakini naanza kwa kusoma sura ya kwanza na kuisahihisha. Miezi miwili sasa, bado niko sura ya kwanza.

Barua hii ndiyo iliyotugusa zaidi, kwa sababu mwandishi wake ana bidii yote inayotakiwa, ila anaimwaga mahali pamoja. Kusahihisha kunaridhisha: unaona sentensi mbaya, unainyoosha, unajisikia umefanya kazi. Ukurasa mtupu hautoi raha hiyo. Ukimpa mtu achague kati ya viwili hivyo kila siku, atachagua kunyoosha. Basi usijipe nafasi ya kuchagua.

Kanuni ni moja: soma aya mbili za mwisho tu ulizoandika jana, kisha endelea. Sura ya kwanza ihamishie kwenye faili jingine, au ibane kwa klipu usiweze kuifungua kwa urahisi.

Ili kanuni hiyo iwezekane, lazima jana yake umalizie vizuri. Ernest Hemingway, mwandishi wa riwaya wa Marekani, alikuwa akishauri mtu aache kuandika wakati bado anajua kitakachofuata, na ushauri huo haujapitwa na wakati. Sisi tunasema nenda mbele kidogo zaidi: acha sentensi ikining'inia. Tuseme umeandika:

*Zena aliigeuza bahasha. Mwandiko ule aliujua. Ulikuwa wa*

Weka kalamu hapo. Chini yake andika mistari miwili ya kesho: "Mwandiko ni wa mama yake, aliyezikwa miezi minne iliyopita. Zena anaificha bahasha kabla kaka yake hajaingia. Kaka anauliza mbona mikono inatetemeka." Kesho ukifika hukuti ukurasa mtupu, unakuta sentensi inayokuomba neno moja. Ukishaandika "mama" umeshaanza, na dakika zile tano ngumu zimepita bila wewe kuziona.

Je, ukigundua kosa huko nyuma? Au hujui jina la mto, au umesahau kovu la mhusika liko mkono gani? Andika xx na uendelee: "xx jina la mto", "xx kovu, tazama sura ya 2". Tumechagua herufi hiyo kwa sababu maneno ya Kiswahili hayaitumii, kwa hiyo siku ya kusahihisha ukitafuta xx kwenye faili zitatokea alama zako peke yake. Na ukiamua katikati ya hadithi kwamba Zena hana kaka bali ana dada, usirudi nyuma. Andika kuanzia leo kama vile alikuwa na dada tangu mwanzo, na badiliko hilo liingize kwenye orodha nyuma ya daftari. Mara nyingi ukifika sura ya kumi utakuwa umembadilisha tena.

Niandike maneno mangapi kwa siku? Wengine wanasema 500, wengine 2,000.

Kwanza uliza maneno ya lugha gani. Idadi hizo nyingi zimetoka kwa waandishi wa Kiingereza, na neno letu hubeba mzigo mkubwa zaidi. "Hatukumwambia" ni neno moja kwetu. Mwingereza anahitaji manne kusema hivyo. Anayejilazimisha kufikisha 1,000 kwa Kiswahili anajipa kazi nzito kuliko anayoiga. Ukipunguza robo hujajipendelea.

Tunapendekeza 300 kwa siku, siku tano kwa wiki. Kwa wiki 40 hiyo ni 60,000, rasimu nzima ya riwaya. Anayeandika kwa mkono ahesabu maneno ya kurasa tatu zilizojaa, atafute wastani, kisha ajue ukurasa wake mmoja una mangapi. Asihesabu kila siku.

Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya wa karne ya 19 aliyekuwa pia mtumishi wa posta huko Uingereza, aliweka saa mezani na kujitaka maneno 250 kila robo saa, asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mwendo huo ni wa mtu aliyezoea miaka mingi na anayejua tukio analoliandika. Anayeanza akipata 100 kwa robo saa anakwenda vizuri. Ukija wakati wa kusahihisha rasimu, acha kuhesabu maneno kabisa na utumie muda, dakika 25 kwa kipima muda cha simu, kwa kuwa siku nzuri ya kusahihisha huweza kuacha maneno pungufu kuliko yaliyokuwepo.

Sina meza wala kompyuta, na nina watoto wawili wadogo. Nina simu tu, na dakika kumi hapa, kumi pale.

Dada, simu inatosha, ila kwanza iandae. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi uzime usahihishaji wa kiotomatiki, au ongeza Kiswahili kwenye lugha za kibodi. Simu iliyowekwa kwa Kiingereza hugeuza maneno yako bila kukuuliza, na dakika tatu kati ya kumi zinaishia kwenye kurudisha "hata" na "sana" mahali pake. Wakati wa kuandika, weka simu katika hali ya ndegeni. Ujumbe mmoja ukiingia, dakika kumi zimekwisha.

Usiandikie hadithi ndani ya programu ya kutumiana ujumbe. Kuitafuta aya ya wiki iliyopita humo ni mateso, na simu ikifa inaweza kuondoka na yote. Tumia programu ya kuandikia, faili moja kwa kila sura, jina lianze na namba: 03 Bahasha, 04 Safari. Kila mwisho wa wiki jitumie nakala kwa barua pepe.

Halafu tenganisha kuwaza na kuandika. Ukiwa unafua au unambembeleza mtoto, beba swali moja tu la hadithi: "Anamjibu nini?" Swali moja, si sura nzima, kwa sababu sura nzima haibebeki mtoto akilia. Dakika kumi zikipatikana, jibu unalo tayari na kazi iliyobaki ni kulichapa. Kujirekodi sauti kunasaidia pia, mradi rekodi isizidi dakika mbili na uiandike siku hiyohiyo. Zikishakuwa rekodi saba hakuna atakayezisikiliza.

Nilifiwa na baba nikaacha kuandika wiki sita. Sasa nataka kurudi, nikifungua daftari nahisi nina deni.

Pole sana kwa msiba. Deni hilo halipo, na tunakuomba usijaribu kulilipa. Hata kama ulikuwa ukiandika maneno 200 tu kwa siku, wiki sita ni maneno 8,400. Anayejaribu kuyafidia huandika siku mbili kwa hasira kisha huacha moja kwa moja.

Siku ya kwanza soma kurasa kumi za mwisho bila kalamu mkononi. Siku ya pili andika mistari mitano: nani yuko wapi, anataka nini, nani anamzuia. Siku ya tatu sentensi tatu za hadithi yenyewe, na ubaki kwenye tatu wiki nzima hata ukijisikia una nguvu ya zaidi. Si lazima uanzie ulipoachia. Chukua tukio lolote la mbele unalolipenda, utaliunganisha baadaye.

Na kama mahali ulipoachia palikuwa na kifo au mazishi, andika "xx mazishi" na upite. Yatakusubiri.